Kisigino Kinauma Unapoamka? Fahamu Sababu na Namna ya Kupata Nafuu

Saa nane za usiku mtoto analia. Unashusha miguu kitandani, unakanyaga sakafu, na kisigino kinachoma kama umekanyaga msumari. Unachechemea ukijishikilia ukutani. Baada ya hatua kadhaa maumivu yanapungua. Ukikaa kunyonyesha kisha ukainuka, yanarudi.

Kliniki nasikia habari hii mara nyingi, na kwa kawaida mama huitaja mwisho kabisa, akiwa ameshasimama kuondoka: "Halafu nesi, na hiki kisigino..." Wengi huwa wamevumilia miezi mingi wakidhani ni uchovu tu. Maumivu haya yana sababu, na sehemu kubwa ya tiba yake unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

Ni nini kinachouma?

Chini ya unyayo, kuanzia mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, kuna utepe mnene na imara. Kazi yake ni kushikilia umbo la unyayo na kusaidia kubeba uzito wako kila unapokanyaga. Utepe huu ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, huumia kidogo kidogo pale unaposhikana na kisigino. Kitaalamu hali hii huitwa planta fasaitisi.

Kwa nini inauma zaidi asubuhi? Ukiwa umelala, utepe huu hukaa umelegea na kukakamaa. Unaposimama ghafla, unavutwa kwa nguvu ukiwa bado haujawa tayari.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

- Anayesimama muda mrefu kwenye sakafu ngumu, iwe jikoni, sokoni au kazini
- Aliyeongezeka uzito, ikiwemo wakati wa ujauzito
- Anayevaa ndala nyembamba au viatu bapa vilivyoisha soli
- Mwenye misuli iliyokaza kwenye shavu la mguu
- Mwenye unyayo bapa sana au uliobonyea sana katikati
- Mwenye umri wa miaka 40 hadi 60, ingawa vijana pia hupata

Huenda umeambiwa kuwa "mfupa umeota" kwenye kisigino. Ni kweli picha ya eksirei wakati mwingine huonyesha kijifupa kilichochomoza. Lakini watu wengi wanacho na hawaumwi kabisa. Usiogope, na usikimbilie upasuaji kwa sababu hiyo.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Nyoosha unyayo kabla ya kukanyaga chini. Kaa ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine. Shika vidole vyote, vivute kuelekea mbele ya mguu mpaka uhisi unyayo umekaza. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na kila unapotaka kuinuka baada ya kukaa muda mrefu.

2. Nyoosha shavu la mguu. Simama ukiuelekea ukuta, weka viganja ukutani. Mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini. Egemea mbele polepole, hesabu hadi 30. Rudia mara 3.

3. Tumia baridi. Gandisha maji kwenye chupa ndogo ya plastiki, izungushie kitambaa, kisha iviringishe chini ya unyayo kwa dakika 10 hadi 15. Kama una kisukari au miguu yako ina ganzi, usitumie barafu, kwa sababu inaweza kukuunguza usijue.

4. Usitembee pekupeku kwenye sakafu ngumu. Vaa viatu vyenye soli nene na laini, vilivyoinuka kidogo kisigino, hata ukiwa ndani. Viweke karibu na kitanda.

5. Punguza kusimama. Kata mboga na kunja nguo ukiwa umekaa. Watu wa nyumbani wakusaidie kubeba maji na kumbeba mtoto mkubwa. Hilo nalo ni tiba.

6. Imarisha misuli. Maumivu yakianza kupungua, kunja taulo uliweke chini ya vidole, simama ukijishikilia, kisha inua visigino na uvishushe polepole. Anza na mara chache, siku moja uifanye, siku inayofuata upumzike.

Na usiku mtoto akilia, usimnyanyue ukiwa bado hujasimama vizuri. Nyoosha unyayo kwanza, vaa viatu, simama, ndipo umchukue. Sekunde chache za kilio hazitamdhuru, lakini mkianguka wote wawili mnaweza kuumia.

Vipi kuhusu dawa?

Parasetamoli inaweza kutuliza maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni usizinunue kiholela, hasa kama una ujauzito, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au tatizo la figo. Uliza kwanza kituoni. Sindano ya kisigino huweza kutuliza kwa muda, lakini ina madhara yake, ikiwemo utepe kukatika. Ni uamuzi wa daktari, baada ya njia nyingine kujaribiwa.

Itachukua muda gani?

Kuwa na subira. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa, na walio wengi hupona ndani ya mwaka bila upasuaji. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mama kufanya mazoezi siku 4, kuona hakuna mabadiliko, na kuacha. Endelea angalau wiki 6 hadi 8.

Nenda kituo cha afya mapema ukiona:

- Maumivu yalianza ghafla baada ya kuanguka, kuruka au kusikia mlio, au huwezi kukanyaga kabisa
- Kisigino kimevimba, ni chekundu au cha moto, au una homa
- Unahisi ganzi au kuchomachoma kwenye unyayo
- Maumivu hayatulii hata ukiwa umelala
- Una kisukari na una kidonda au maumivu yoyote mguuni
- Umefanya mazoezi wiki kadhaa bila nafuu

Na kama anayelalamika kisigino ni mtoto wa miaka 8 hadi 14, hasa anayecheza sana mpira, mara nyingi chanzo ni tofauti: ni sehemu ya mfupa inayokua. Mpeleke akapimwe.

Siku nyingine ukija kliniki na mtoto, anza na kisigino chako. Usisubiri mpaka unasimama kuondoka.