Jumamosi ni Siku ya Ngapi?

Tangu mmishonari Arthur Carscallen na mwenziwe Peter Nyambo, mzaliwa wa Malawi ya leo, walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, Usabato umeshika mizizi Homa Bay na Migori. Huko wako wasiofungua duka Jumamosi, na mwanafunzi huwa radhi akose mtihani. Lazima basi wawe na hoja.

Hoja yao ni amri: siku ya saba pumzika. Walakini anayeitetea kwa Kiswahili hujikwaa mlangoni, kwani Jumamosi kwa jina lake ni ya kwanza! Mbishi akimbana hapo, atajibu nini?

Sisi tuliosoma chuoni tunalo la kumwazima. Mswahili huanza hesabu baada ya Ijumaa. Mwarabu huanza Jumapili. Ndiyo maana juma letu lina tano mbili, Jumatano na Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni ya tano. Haya, shika Alhamisi uhesabu: Ijumaa ya sita, Jumamosi ya saba. Na Mwarabu huiita Sabt.

Mkatoliki wa Migori hesabu hiyo haikatai. Yeye hushika Jumapili kwa kuwa Injili zasema kaburi lilikutwa tupu siku ya kwanza ya juma. Hapo kalenda haimsaidii mtu.