Kiongozi wa AMCOS akiwekewa kocha, mkulima anapata nini?

Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, macho yote huenda kwa kocha. Siku hizi hata viongozi wana makocha. Kocha wa namna hii hukaa karibu na mwenyekiti au meneja wa chama kwa miezi kadhaa, akimuuliza maswali, akifuatilia kazi yake na kumsaidia kufanya uamuzi. Si semina ya siku mbili yenye soda na cheti. AMCOS ikimlipa, fedha hiyo inatoka kwenye makato ya korosho na ufuta wako.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa hatua nne: mhusika ameyapenda? Amejifunza? Utendaji wake umebadilika? Kazi imeleta matokeo gani? Taarifa nyingi ninazozisikia mikutanoni huishia hatua ya kwanza, "washiriki walifurahi". Kufurahi hakujazi gunia.

Kwenye AMCOS matokeo yamo daftarini. Tuchukue mfano wa kubuni. Chama kilipokea tani 200, lakini kilo 2,000 zikapungua kati ya mizani ya kijijini na ghala kuu. Baada ya kocha, kwa mzigo uleule, zikapungua kilo 1,200. Zimeokolewa kilo 800; kwa shilingi 2,000 kila kilo, ni shilingi 1,600,000. Kocha amegharimu shilingi 1,200,000. Faida ni shilingi 400,000.

Polepole kwanza. Kama msimu huo chama kilinunua pia mizani mpya, na nusu ya nafuu imetokana nayo, sehemu ya kocha ni shilingi 800,000 tu. Hapo chama kimepata hasara ya 400,000.

Bei nayo isiwadanganye. Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hakuna mwenyekiti aliyestahili kujisifu kwa bei hiyo. Ndiyo maana ni vizuri kujilinganisha na chama jirani kisicho na kocha, ila majirani wafanane: mzigo wa delta unaovuka maji kwa boti usilinganishwe na wa Bungu ulio kando ya barabara ya Kilwa.

Hesabu hii haiwezekani bila takwimu za kabla. Kwenye mkutano mkuu, mwanachama yeyote anaweza kutoa hoja kwamba upungufu wa kilo wa msimu uliopita uandikwe kwenye muhtasari kabla mkataba wa kocha haujasainiwa.