Mkeka, Rimoti na Njuga Isiyolia

Msomaji mmoja wa Chepsaita, upande wa Turbo kule Uasin Gishu, ameleta swali fupi: gemu ya densi inajuaje kwamba mchezaji amecheza vizuri, ilhali haina macho? Ukilifuata swali hilo hadi mwisho, linakufikisha kwenye jambo kubwa kuliko gemu, yaani densi hukaa sehemu gani ya mwili, na nani mwenye haki ya kuamua. Historia nitaipitia mbio. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution mwaka 1998, mashine ya kumbi za michezo yenye vibao vinne vya mishale ya kukanyagwa. Mwaka 2007 ikatoa Hottest Party ya mtambo wa Wii, ambamo miguu hukanyaga mkeka na mikono hushika rimoti na kijalizo chake. Miaka miwili baadaye kampuni ya Ubisoft ikaleta Just Dance, iliyouacha mkeka na kubaki na rimoti peke yake. Mwaka 2023 Just Dance ikawekwa kwenye mashindano ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ya michezo ya kielektroniki, ambayo fainali zake zilifanyika Singapore. Basi si kitu cha watoto tena.

Mkeka hauna siri. Ni swichi iliyotandazwa: tabaka mbili zinazopitisha umeme, katikati sponji yenye matundu. Unyayo ukigandamiza, tabaka zinagusana kupitia matundu, umeme unapita, na gemu inanakili wakati. Haijui kama umekanyaga kwa kisigino au kwa vidole, kwa madaha au kwa hasira. Inachojua ni kwamba umekanyaga, na lini. Hata hivyo hilo la “lini” inalijua vizuri mno. Katika mashine za Konami, alama ya juu kabisa humtaka mchezaji atue ndani ya milisekunde kama 17 kabla au baada ya mpigo wenyewe. Ili kuuona ukali wa kipimo hicho, tazama wanariadha wanaoshindana kwenye mbio za nyika za Chepsaita. Mkimbiaji anayepiga hatua 180 kwa dakika hutua mara moja kila milisekunde 333, kwa hiyo nafasi anayopewa mchezaji, ukijumlisha pande zote mbili za mpigo, ni kama sehemu ya kumi ya hatua hiyo moja.

Uhondo uko kwenye rimoti. Ndani yake mna chipu ambayo nitaiita kipimamchapuko, kwa kuwa wanafizikia wa Kiswahili wameshatupa neno mchapuko kwa maana ya kiwango cha kubadilika kwa mwendo. Wapo wanaopendelea “kihisi mwendo”, na jina hilo nalikataa kwa sababu ya kisayansi: kifaa hiki hakihisi mwendo hata kidogo. Ukikiweka ndani ya basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara nyoofu iliyo laini, kitasema kwamba kimetulia. Kinachohisiwa katika mwendo ni badiliko tu: kuanza, kusita, kugeuka, kugonga. Na densi, ukiivua mavazi na muziki, ni mfululizo wa mabadiliko ya namna hiyo.

Anayetaka kukielewa na aanze na njuga. Njuga ni kikoba cha chuma chenye punje ngumu inayocheza huru ndani. Mchezaji akiinua mguu, kikoba hupanda nao, lakini punje hubaki nyuma mpaka ukuta wa kikoba uipige. Mguu ukitua, kikoba husimama ghafla, nayo punje huendelea na safari yake mpaka igonge ukuta wa pili. Mlio unaosikika ni habari ya badiliko: mwendo umeanza, mwendo umekatizwa. Mguu ungeweza kusafiri kwa kasi ileile bila kupanda wala kushuka, njuga ingenyamaza. Ndiyo sababu njuga za mcheza ngoma hodari hulia pamoja na ngoma, za mwanafunzi hulia ovyo, na msikilizaji aliyefumba macho huweza kuwatofautisha. Sasa ichukue punje ile, ifunge kwa springi laini pande zote ili isielee ovyo, kisha badala ya kungoja igonge ukuta, pima imesogea kiasi gani na kuelekea wapi. Hapo unayo njuga isiyolia, inayotoa tarakimu badala ya sauti. Zitie tatu pamoja, moja ya juu na chini, moja ya kulia na kushoto, moja ya mbele na nyuma, na kipimamchapuko chako kimekamilika.

Ajabu ni udogo wake. Chipu iliyotiwa kwenye rimoti ya kwanza ya Wii, iliyotengenezwa na Analog Devices, ilikuwa na upana wa milimita 4 kwa 4, na ilipima mchapuko wa hadi mara tatu ya mvutano wa dunia. Punje yake ni kipande cha silikoni, springi zake zimechongwa kutoka silikoni hiyohiyo, na ubavuni mwake mmetoka meno membamba yaliyopenyezwa katikati ya meno mengine yasiyosogea. Kila jozi ya meno ni kapasita, yaani hifadhi ndogo ya chaji ya umeme. Punje ikisogea, nafasi kati ya meno hupungua upande mmoja na kuongezeka upande wa pili, na hifadhi ya chaji hubadilika kwa kiasi kinachopimika. Kusogea kwenyewe ni kudogo maelfu ya mara kuliko unene wa unywele, lakini mtikiso wa kifundo cha mkono wa mtoto unasomeka humo waziwazi.

Kuna kitu njuga haina na chipu inacho: chipu huhisi mvutano wa dunia muda wote. Ilaze mezani, nayo itasoma karibu mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kwa kuwa springi zinaibeba punje isianguke. Ifunge kiunoni mwa morani wa Kimaasai anayeruka, na kwa muda wote akiwa hewani itasoma karibu sifuri, maana punje na chipu vinaanguka pamoja na hakuna kinachombeba mwenzake. Kutokana na sifuri hiyo unapata kimo cha mruko: aliyekaa hewani nusu sekunde ameinuka sentimita 30. Saa za mkononi wanazovaa wanariadha wa Eldoret huhesabu hatua kwa kifaa cha aina hiyohiyo. Gemu ya densi na mazoezi ya mbio za nyika vinasomwa kwa chombo kimoja.

Mtu ataniuliza, na ana haki: kama chipu inajua kila badiliko, si inaweza kukokotoa mkono uko wapi hasa, na hivyo kuona densi nzima? Kwa kanuni, ndiyo. Jumlisha michapuko upate kasi, jumlisha kasi upate mahali. Lakini kosa dogo hujumlishwa pamoja na ukweli, tena mara mbili. Mvutano wa kawaida wa vitabuni ni 9.807. Katika nyanda za Uasin Gishu, karibu kabisa na ikweta na karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvutano halisi ni pungufu kwa kama 0.03, kwa sababu tuko mbali zaidi na kitovu cha dunia na mzunguko wake hututupa nje zaidi. Programu iliyokariri namba ya vitabuni ingekuta tofauti hiyo na kuidhani mwendo wa mkono. Baada ya sekunde 10 ingeuweka mkono huo mita moja na nusu kutoka ulipo, na kufikia mwisho wa dakika ungekuwa umeondoka zaidi ya mita 50, umetoka nyumbani na kuvuka shamba la mahindi. Kwa hiyo gemu haijisumbui na mahali. Inachukua umbo la mitikiso ya mkono wako na kulilinganisha na umbo lililokwisha kuandaliwa kwa wimbo huo. Likifanana, na likija kwa wakati, unapata alama.

Wapinzani wa gemu hizi wameligundua hilo zamani: mtu anaweza kuketi kitini, akatikisa kifundo cha mkono kwa ustadi, na akapata alama nzuri bila kucheza. Ni kweli, na sioni sababu ya kulificha. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024, mashindano ya densi ya breki yaliamuliwa na majaji tisa waliotazama mbinu, wingi wa miondoko, utekelezaji, usikivu wa muziki na ubunifu. Gemu haigusi hata nusu ya orodha hiyo. Inachokipima kwa ukamilifu ni sehemu ya ule usikivu wa muziki, yaani kufika kwa wakati, na hiyo ndiyo sehemu anayeanza huhitaji kusahihishwa kwa subira isiyochoka.

Wengine watasema kamera imelimaliza tatizo. Kinect ya Microsoft, iliyotoka 2010, iliona viungo 20 vya mwili kwa mwanga usioonekana. Ilifanya hivyo mara 30 kwa sekunde, ambayo ni mara moja kila milisekunde 33. Ni taratibu mno kuushika mpigo ambao mkeka unaunasa bila taabu, na leso iliyofungwa kiunoni inatosha kuificha nyonga. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2017.

Kasoro ya kweli ya gemu hizi ni mahali chipu ilipowekwa. Imewekwa mkononi kwa kuwa rimoti hushikwa mkononi, na mkeka umewekwa chini kwa kuwa ndipo miguu ilipo. Matokeo yake ni kwamba densi inayokaa kwingine inahesabiwa kuwa si kitu. Mchukue mcheza chakacha wa Mombasa, ambaye ufundi wake wote uko kiunoni: miguu inasogea kidogo, mikono imetulia, na mkeka na rimoti kwa pamoja vingempa karibu sifuri. Ichukue isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka: mabega yanayotetemeka kwa mdundo yangepita bila kuonekana. Waliofunga njuga kwenye vifundo vya miguu walikuwa wameamua kwamba ngoma yao iko hapo, na wakaweka kipimo hapo. Hayo ni maamuzi ya kisayansi, ingawa hayakuandikwa maabara.

Ataniambia mtu kwamba mitambo hii ni ghali na Chepsaita ina mahitaji mengine. Lakini kipimamchapuko kimo ndani ya simu janja za kawaida, na tangu 2014 toleo la Just Dance Now limeitumia simu badala ya rimoti. Chombo basi tunacho. Kinachokosekana ni maumbo ya kulinganishia, yaani rekodi za mitikiso ya wachezaji wetu bora, na hizo hazitakuja na meli kutoka Japani. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Eldoret wanaweza kuzianza muhula huu: waifunge simu kiunoni kwa kitambaa, waifunge nyingine begani, wamwombe fundi wa isukuti acheze, waandike tarakimu, kisha wamwombe acheze tena. Mafundi hao wako Kakamega, jirani tu na Turbo, na wengi wao ni wazee. Wafuateni mapema.