Seva Ikizimika, Huduma Isisimame

Seva ni kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu na kuhudumia kompyuta nyingine katika mtandao. Ofisi ikitegemea seva moja tu, hitilafu yake huweza kusimamisha kwa pamoja utoaji wa leseni, upokeaji wa ushuru na usomaji wa kumbukumbu za wagonjwa.

Kinga yake ni seva ya pili ya akiba. Seva hizo mbili hupeana ishara kila baada ya sekunde chache, na kila taarifa inayoingia katika ya kwanza hunakiliwa katika ya pili. Ishara zikikoma, seva ya akiba hushika zamu. Hazipaswi kutegemea umeme wa jengo moja, kwani ukikatika zote huzimika.

Hata hivyo, taarifa ikifutwa kwa makosa katika seva moja, hufutika katika zote mbili. Ndiyo maana nakala rudufu huhitaji kuhifadhiwa mahali pengine na kujaribiwa mara kwa mara.

Mwananchi aliyelipa wakati wa hitilafu anashauriwa kutunza uthibitisho wake na kuuliza ofisini kabla ya kulipa tena. Huenda fedha zimekwisha kupokewa, ila risiti haijatoka.