Bango la duka mtandaoni: Gharama ipo kwenye kulibadilisha

MFANYABIASHARA anayeandikisha ubao wa duka humlipa fundi mara moja, akakaa nao miaka. Picha pana iliyo juu ya ukurasa wake katika mtandao wa kijamii haiko hivyo. Hubadilishwa kila bei au msimu unapobadilika, na kila badiliko lina malipo yake.

Mabango hayo yalifika kwenye kurasa za biashara za Facebook mwaka 2012. Twitter, ambayo tangu 2023 inaitwa X, ilifuata mwaka huo huo. Mwanzoni Facebook ilikataza kuandika bei au namba ya simu kwenye picha hiyo. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2013, na bango likawa mahali pa kuuzia.

Tatizo la kwanza ni vipimo. X hutaka pikseli 1,500 kwa 500. LinkedIn, kwa ukurasa wa mtu binafsi, 1,584 kwa 396. Facebook imeelekeza 820 kwa 312 kwenye kompyuta na 640 kwa 360 kwenye simu. Maana yake, picha ya 820 kwa 360 hukatwa pikseli 90 kila upande kwenye simu, na 24 juu na chini kwenye kompyuta. Namba ya simu ikiwekwa pembeni, mteja mwenye simu haioni. Sehemu salama ni katikati, 640 kwa 312.

Njia ya kupunguza gharama ni kumlipa mchoraji mara moja atengeneze kiolezo kwa kila kipimo: nembo na rangi zikae mahali pake, nafasi za bidhaa, bei na tarehe ziachwe wazi. Mwenye duka huandika orodha kwenye jedwali la kompyuta, na programu hujaza nafasi hizo. Mistari 4 ya jedwali kwa violezo 3 hutoa picha 12. Canva, iliyoanza Australia mwaka 2013, ina huduma hiyo. ImageMagick, iliyotolewa mwaka 1990, ni ya bure, ila inahitaji mtu anayejua kuandika amri za kompyuta.

Faida hiyo ina hatari yake. Kosa la tarakimu kwenye mstari mmoja huingia kwenye picha zote za mstari huo. Bango likisema sh. 45,000 badala ya 54,000, mteja atadai bei ya bango, na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza maelezo ya bei yanayopotosha. Programu ijaze, mtu akague, na bei ya ofa iwekewe tarehe ya mwisho.

Tena, picha nzuri ni rahisi kuigwa na tapeli anayefungua ukurasa bandia. Kwa Tanzania Bara, alama ya biashara husajiliwa BRELA kwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa 10. Fedha iliyookolewa kwa mchoraji ina pa kuanzia hapo.