Gari la silinda 12: kulinunua ni rahisi, kulitunza ndiyo kazi

Baada ya kipindi chetu cha magari na mashine, msikilizaji mmoja alitutumia picha iliyokuwa ikizunguka kwenye simu. Ilikuwa ya gari refu la Kiingereza, Jaguar XJ-S la miaka ya 1980, likiuzwa huko Uingereza kwa bei ambayo haizidi ya gari dogo la kawaida lililotumika. Alitaka kujua inakuwaje gari la kifahari, lenye silinda 12, liuzwe kwa bei hiyo. Je, ni utapeli?

Si lazima uwe utapeli. Kwa miaka mingi magari ya aina hiyo yameuzwa kwa bei ya chini kweli. Sababu ni kwamba anayeuza anajua kitu ambacho mnunuzi mgeni hajakijua: bei ya kununua ni malipo ya kwanza tu. Na kinachofanya gari hilo lipendwe ndicho hichohicho kinachomaliza fedha za mwenye nalo. Tuanze na injini yenyewe.

Silinda 12 maana yake nini?

Pikipiki ya bodaboda ina silinda moja, na ndani yake pistoni moja inapanda na kushuka. Krankshafti ikizunguka mara mbili, mafuta yanalipuka mara moja na kuisukuma pistoni chini. Ndiyo maana pikipiki inatetemeka ikiwa imesimama na injini inawaka. Inasukumwa, inasubiri, inasukumwa tena.

Trekta nyingi ndogo za Massey Ferguson tunazoziona mashambani zina silinda tatu. Probox ina nne. Land Cruiser ya dizeli, ile ngumu inayotumika kubeba wagonjwa vijijini, ina sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Kadiri silinda zinavyoongezeka, ndivyo injini inavyosukumwa mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na mtetemo unapungua.

Mpangilio wa silinda sita kwa mstari una sifa ya pekee: pistoni zake zinasawazishana. Baadhi zikipanda, nyingine zinashuka kwa uzito uleule, kwa hiyo injini haijitikisi. Sasa chukua injini mbili za namna hiyo, ziegemeze kama herufi V, zote zizungushe krankshafti moja. Hiyo ndiyo injini ya silinda 12, ambayo wenzetu huiita V12. Kila krankshafti inapozunguka mara moja kuna milipuko sita. Msukumo mmoja haujaisha, mwingine umeshaanza. Dereva hahisi mapigo, anahisi mvuto mmoja mrefu. Wamiliki hupenda kuonyesha jambo hilo kwa kusimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya injini inayonguruma, na sarafu haianguki.

Injini hizi si jambo la juzi. Kampuni ya Packard ya Marekani ilileta gari lake la silinda 12 mwaka 1915. Gari la kwanza lenye jina la Ferrari, la mwaka 1947, lilikuwa na silinda 12 ingawa injini yenyewe ilikuwa na ujazo wa lita moja na nusu tu. Hata Toyota, kampuni ambayo magari yake tunayajua kuliko yote, ilitoa mwaka 1997 gari la Century lenye silinda 12, ambalo huko Japani hutumiwa na viongozi na wakubwa wa makampuni.

Jaguar na bahati mbaya ya mwaka 1973

Kati ya zote, injini ya Jaguar ndiyo iliyowafikia watu wengi ambao si matajiri wakubwa. Ilitengenezwa Coventry, Uingereza. Wahandisi Walter Hassan na Harry Mundy ndio waliokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Ilianza kuuzwa mwaka 1971 ndani ya gari la michezo la E-Type, ikiwa na ujazo wa lita 5.3. Ili kupunguza uzito, bloku lake lilitengenezwa kwa aluminiamu badala ya chuma cha kusubu.

Mwaka 1972 injini hiyo ikawekwa kwenye XJ12, gari la milango minne la kubeba familia. Kwa wakati huo lilikuwa jambo kubwa. Mtu aliweza kupanda na watoto wake kwenye gari tulivu linalokimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kwa bei iliyo chini sana ya magari ya Italia yenye silinda 12.

Furaha haikudumu. Oktoba 1973, miezi 15 tu baadaye, nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilizuia kuyauza kwa baadhi ya nchi za Magharibi kutokana na vita vya Mashariki ya Kati. Hadi kufika Januari 1974, bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda karibu mara nne. Athari zilifika hadi kwetu. Wazee wa Tanzania bado wanakumbuka miaka ambayo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi ya mafuta.

XJ12 lilikuwa likila lita moja ya petroli kwa kilomita nne hadi tano. Kwa safari ya kilomita 200, umbali unaokaribia wa Dar es Salaam hadi Morogoro, hiyo ni lita 40 hadi 50. Probox itamaliza safari hiyo kwa lita zisizozidi 15 hivi. Mwaka 1981 Jaguar iliibadilisha silinda hedi kwa ubunifu wa mhandisi Michael May wa Uswisi, na ulaji ukapungua. Hata hivyo, injini hiyo haikuwahi kuwa rafiki wa mfuko. Iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1997.

Kila kitu mara 12

Mafuta ya kutembelea, kwa kweli, si tatizo kubwa kwa mtu anayetoa gari lake Jumapili tu. Gharama kubwa ziko gereji.

Plagi ni 12, na waya zake 12. Vali ni 24. Oili ya injini ni karibu lita 10, wakati gari dogo linatumia chini ya lita nne. Mfumo wa kupoza unahitaji kama lita 20, yaani dumu zima. Matoleo yenye kabureta yana nne, na zote lazima zirekebishwe zifanye kazi pamoja. Moja ikizidi, injini inapoteza utulivu ambao mtu aliulipia.

Halafu kuna suala la nafasi. Injini imejaa chini ya boneti kiasi kwamba mkono wa fundi haupiti. Kwenye Jaguar, kompresa ya kiyoyozi imekaa mbele, juu kabisa katikati ya V, na plagi mbili za mbele ziko chini yake. Kazi ambayo kwenye gari la silinda nne ni ya nusu saa, hapa inaweza kula nusu siku. Huko Ulaya fundi hulipwa kwa saa, kwa hiyo usumbufu wote huo unaingia kwenye bili.

Adui mkubwa ni joto

Kati ya zile safu mbili za silinda kuna bonde, na bonde hilo ni kama jiko. Humo ndimo ilimowekwa distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Ndani yake kuna sehemu ndogo inayowahisha cheche kadiri mwendo unavyoongezeka. Joto likikausha grisi yake kwa miaka mingi, sehemu hiyo inakwama. Cheche zinachelewa, injini inazidi kuwa ya moto na inakula mafuta zaidi. Mwenye gari anahisi limechoka tu, kumbe kifaa cha kuzungushwa kwa vidole viwili ndicho kimekwama.

Kwenye matoleo yasiyotumia kabureta, juu ya bonde hilohilo inapita mipira ya petroli. Mpira uliokaa kwenye joto miaka 20 unapasuka, na petroli ikidondokea injini ya moto, gari linaungua. Magari ya Jaguar ya silinda 12 yaliyoteketea kwa sababu hiyo si machache. Ndiyo maana mwenye gari makini hubadilisha mipira yote siku alipolinunua, kabla ya kufikiria rangi au redio, na huweka mtungi wa kuzimia moto ndani.

Hatari nyingine ni kuchemsha. Aluminiamu ikipata moto inatanuka kuliko chuma. Injini ikichemsha mara moja tu kwa nguvu, gasketi inaweza kuungua, au kipete cha chuma ambacho vali inakalia kikachomoka. Na kufungua silinda hedi ni mtihani mwingine. Inashikwa na boriti ndefu za chuma zinazopita ndani ya aluminiamu, na kutu huvigandisha vyuma hivyo viwili kama vimeunganishwa kwa moto. Mafundi hutumia siku kadhaa na vifaa maalumu ili kuitoa bila kuivunja.

Chanzo cha yote hayo mara nyingi ni kidogo: mtu aliweka maji matupu ya bomba badala ya kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, na rejeta ikaziba polepole.

Kwa nini basi linauzwa rahisi?

Sasa hesabu ya muuzaji inaeleweka. Gari likishuka bei hadi kufikia ya gari dogo, linamfikia mtu mwenye kipato cha gari dogo. Lakini spea na saa za fundi hazikushuka nalo. Mtu huyo anaahirisha matengenezo, kasoro ndogo inakuwa kubwa, anauza kwa hasara kwa mwingine mwenye kipato kidogo zaidi. Baada ya wamiliki watatu au wanne wa namna hiyo, kutengeneza injini kunagharimu kuliko gari zima. Mengi yalimalizikia kwenye chuma chakavu. Mengine yaling'olewa injini yake na kuwekewa ya silinda nane kutoka Marekani, iliyo nyepesi kutengeneza.

Wenye uzoefu wanashauri mambo haya kabla ya kununua:

Kwanza, angalia kutu kabla ya injini. Bodi la magari haya ndilo linalobeba kila kitu, halina chesisi ya pembeni. Likioza chini ya milango na kwenye sehemu zinazoshika springi, kulirudisha kunaweza kuzidi gharama ya injini. Rangi mpya inayong'aa inaweza kuwa imefunika puti.

Pili, waambie wasiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi haifichi mengi. Likishawaka, liache lingurume hadi feni zianze kazi, huku ukitazama kipimo cha joto.

Tatu, dai karatasi za matengenezo. Gari lililotembea sana likiwa na rekodi nzuri ni bora kuliko lililokaa. Likikaa, sili zinakauka, petroli inaharibika na breki zinaganda. Kwenye XJ-S nyingi breki za nyuma ziko katikati, zimebanana na difu, na kuzifikia ni shughuli.

Nne, ukiwa na fedha za kununua tu, acha. Weka kando fungu la matengenezo ya mwaka wa kwanza.

Wanaobaki nayo wanapata nini?

Pamoja na yote hayo, wako watu Uingereza na kwingineko wanaoyatunza magari haya miaka 30 au zaidi. Injini yenyewe, ikipozwa vizuri na kubadilishiwa oili kwa wakati, ni imara sana. Mwaka 1988 Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le mans, Ufaransa, kwa injini iliyotokana na hiyohiyo, ikiwa imeongezwa ujazo hadi lita saba. Udhaifu uko kwenye vitu vinavyoizunguka, na vingi vyake ni vya kuzuilika.

Wamiliki wamejiunga katika vilabu vinavyosaidiana spea na ujuzi. Serikali ya Uingereza nayo imeondoa kodi ya barabara kwa magari yaliyozidi miaka 40. Wasiwasi wao mkubwa sasa ni mafundi: walioijua injini hii ilipokuwa mpya wanastaafu, na vijana wamejifunzia magari ya kompyuta. Mashine zenyewe pia zinakwisha. BMW iliacha kutengeneza magari ya silinda 12 mwaka 2022, na Century ya Toyota ilibadilishiwa injini mwaka 2018.

Kwa msikilizaji wetu aliyetuma picha, jibu ni kwamba bei ile inaweza kuwa ya kweli, lakini muuzaji hajaitaja bei yote. Hesabu hiyohiyo itumie unaponunua trekta lililotumika, mashine ya kusaga au pikipiki ya mkononi. Uliza spea zinapatikana wapi, fundi anayeijua yuko umbali gani, na mwenye nayo aliibadilishia oili lini mara ya mwisho. Akisitasita kujibu swali hilo la tatu, rudi nyumbani na fedha zako.

Una swali kuhusu gari au mashine yako? Tutumie ujumbe mfupi kwa namba ya studio, na usisahau kutaja aina ya mashine na kijiji ulipo.