Dirisha la Digrii 100

Nyuma ya nyumba yetu Kigamboni kuna ua mdogo wenye mwembe mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Masika yakishapita na kusi ikaanza kuvuma, kamba hufunguliwa na darubini hutolewa nje. Kioo chake kikuu kina kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1200, nayo huketi juu ya kitako cha mbao cha aina ya Dobson, kisicho na mota wala umeme. Unaisukuma kwa mkono.

Kwa miaka minne nimeitumia na lenzi mbili za jicho zilizokuja nayo sandukuni, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Zote ni za muundo ambao Simon Plössl aliubuni mjini Vienna mwaka 1860: vioo vinne, vimeshikamana viwili viwili. Zimenifundisha mengi, wala sizidharau. Lakini Juni hii rafiki yangu aliniazima ya tatu, ya milimita 13, yenye uwanja wa digrii 100, na tangu usiku ule naamini kwamba lenzi ya jicho ni nusu ya darubini.

Digrii hizo 100 si za anga. Ni upana wa duara la mwanga kama jicho linavyoliona. Simama mbele ya dirisha lenye upana wa mita 1, umbali wa mita 1 na kidogo. Fremu inachukua digrii 50 hivi za macho yako, na ndivyo Plössl inavyokuonyesha mbingu. Sasa sogea mpaka ubaki sentimita 42 tu kutoka kwenye dirisha. Hapo fremu imefika digrii 100, na kuikagua kushoto na kulia lazima uzungushe macho. Fremu ikishapotea hivyo, mtu huacha kuchungulia. Yumo ndani.

Tulianza na Omega Centauri. Katikati ya Juni, saa mbili usiku, kundi hili la nyota huwa limesimama kusini kabisa, juu kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, kushoto mwa Msalaba wa Kusini. Edmond Halley aliliandika katika orodha yake mwaka 1677 akiwa kisiwani St Helena, maana kwao Uingereza halichomozi kamwe. Lina nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000, na upana wake angani unazidi kidogo ule wa Mwezi mpevu.

Lenzi ya 25 hukuza mara 48, yaani 1200 gawanya kwa 25. Kundi zima linaingia, lakini dogo, kama unga uliomwagika kwenye sinia ya kijivu. Ukijivu ule ni taa za Dar es Salaam zinazorudi kutoka hewani. Lenzi ya 10 hukuza mara 120. Chembe za unga zinaanza kuachana, anga inatiwa weusi, ila duara zima lina digrii 0.4 tu za anga na kundi limeshapita kingo zake. Miaka yote minne nimekuwa nikichagua moja kati ya hayo: kuliona lote, au kuliona vizuri.

Lenzi ya kuazimwa hukuza mara 92. Gawanya digrii 100 kwa 92 upate digrii 1.09, na hicho ndicho kipande kile kile cha anga kinachoonekana kwa lenzi ya 25. Hakikupungua hata kidogo, ila kimekuzwa karibu mara mbili. Nyota zilijaa katikati zikatapakaa hadi pembezoni, moja moja, na nje ya kundi bado palibaki giza la kutosha kuonyesha kwamba limeelea.

Giza hilo lina sababu yake. Nyota iko mbali kiasi kwamba kwa ukuzaji wa namna hii hubaki nukta, kwa hiyo nuru yake haitawanyiki. Mwanga wa mji, kinyume chake, umetandaa anga nzima, na ukiukuza unautandaza zaidi. Mshipi wa mwanga unaotoka kwenye lenzi ya 25 kuingia jichoni una upana wa milimita 4.2, kwa lenzi ya 13 ni milimita 2.2. Usuli wa anga unabaki na karibu robo ya mng'ao wake. Kwa sisi tunaoishi pembezoni mwa mji mkubwa, hili lina uzito kuliko uzuri wowote wa upana.

Faida nyingine ni muda. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, na huku karibu na ikweta sayari nyingi hutupitia juu kabisa, mahali ambapo kitako cha Dobson ni kigumu kuzungusha. Mshtarii ikikuzwa mara 200 katika uwanja wa digrii 50 hukatiza duara kwa dakika moja hivi. Kwa digrii 100 ni dakika mbili. Dakika hiyo ya pili ndipo hewa hutulia ghafla na mikanda ya Mshtarii ikajitokeza.

Njia ya kufika hapa ilipitia safari za Mwezini. Al Nagler, Mmarekani, alibuni lenzi za kifaa cha kuwafunzia wanaanga wa Apollo kutua, kilichowapa uwanja wa digrii 110. Mwaka 1977 akaanzisha kampuni ya Tele Vue, na mwaka 1980 akatoa lenzi ya milimita 13 yenye digrii 82 na vioo saba. Digrii 100 zilifuata mwaka 2007. Vioo vingi namna hiyo visingefaa bila utando maalumu, kwa sababu kila uso wa kioo kisichopakwa hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru.

Gharama ipo. Lenzi ile ina uzito wa zaidi ya nusu kilo, na mdomo wa darubini uliinama mpaka nikafunga mfuko wa mchanga nyuma. Bei ya lenzi za daraja hilo hulingana na ya darubini kama yangu. Na pwani kuna adui wa kimya, kuvu, anayetambaa juu ya kioo penye unyevunyevu. Mimi huziweka zote kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Mama alitoka nje saa tatu. Lenzi yangu ya 10 humtaka mtu aweke jicho milimita 7 hivi kutoka kwenye kioo, na Mama, ambaye uso wa mbele wa jicho lake una mkunjo usio sawa, hawezi kuvua miwani akaona nyota kama nukta. Hii mpya inampa milimita 15. Hakuona kingo, lakini aliona. Alikaa muda mrefu ameshika magoti.

"Mwanangu, sasa nionyeshe Kilimia."

Kilimia huchomoza kabla ya alfajiri mwezi huo. Tuliamka saa kumi na moja, tukakikuta chini upande wa kaskazini mashariki, juu kidogo ya ukuta wa jirani. Lakini kimetanda karibu digrii 2, na dirisha langu jipya linachukua 1.09 tu. Mama alitazama, akasogea nyuma.

"Mbona hazipo zote?"

Akaiacha darubini, akasimama kando ya mwembe, akaanza kuzihesabu kwa kidole.